Jini ya Chupa na Kanyanga ya Debe

Tulipokuwa mwaka wa pili tulipewa zoezi la insha ya maelezo: eleza, hatua kwa hatua, namna ya kutengeneza kinywaji nyumbani. Kurasa mbili, muda wiki moja. Kazi ziliposahihishwa, mbili zilisomwa mbele ya darasa, moja ili isifiwe na nyingine ili iwe onyo. Naandika makala haya kwa sababu mpaka leo sijakubali kwamba ile ya kwanza ilistahili sifa ile na ya pili ilistahili kemeo lile.

Insha iliyosifiwa ilihusu kokteli ya jini na maua ya elda. Mwandishi wake aliitoa katika jarida la kigeni. Chukua glasi yenye shina refu, alisema, uitie barafu. Mimina jini, ongeza sharubati ya maua ya elda, kamulia limau, jazia mvinyo mweupe wenye mapovu, kisha pamba kwa kipande chembamba cha tango. Kwenye neno “jini” darasa zima lilicheka, na mmoja wa nyuma akauliza kama jini huyo ni wa baharini au wa mbuyuni. Mwalimu naye alicheka. Kisha akasema insha ina mpangilio mzuri, ina ubunifu, na inaonyesha kijana aliyefunguka macho.

Insha iliyokemewa iliandikwa na mwenzetu wa Muyinga. Alieleza namna nyanya yake anavyotengeneza urwarwa, pombe ya ndizi. Ndizi hukatwa zikiwa mbichi lakini zimekomaa, hufukiwa katika shimo lililopashwa moto na kufunikwa kwa majani ya mgomba, na hukaa humo siku kadhaa hadi ziive. Humenywa, hutiwa katika mtumbwi mdogo wa mti, hukandwa pamoja na nyasi hadi maji yatoke. Maji hayo matamu ndiyo umutobe. Huchujwa, huongezwa maji, hutiwa unga wa mtama uliokaangwa, hufunikwa mahali penye joto na kuachwa yachachuke. Yasipoongezwa maji huwa insongo, ambayo ni kali zaidi. Mwishoni aliandika sentensi moja tu: kwamba wapo wanaoichemsha pombe hiyo na kuupoza mvuke wake ili wapate kanyanga, ambayo serikali imeikataza.

“Kijana,” mwalimu alimwambia, “hapa ni chuo, si kilabu cha pombe.”

“Sawa, mwalimu,” akajibu, akaketi.

Niseme mapema nani anayezungumza, kwa kuwa jambo lenyewe linadai hivyo. Mimi ni Mwislamu, nimezaliwa na kukulia Yoba, hapa Gitega. Sijaonja jini wala urwarwa, na sitaonja. Kwa hiyo siteti kwa ajili ya kikombe changu. Nateta kwa sababu naona tumejifunza kuita uchafu kile kile tunachokiita ustaarabu kikija katika chupa, na kwamba kosa hilo halikai darasani tu. Kuna watu linawatia ndani.

Nianze na darasa. Zoezi lilisema “namna ya kutengeneza”. Msomaji aipime insha ya kwanza kwa kipimo hicho. Mwandishi wake ametengeneza nini? Jini imetengenezwa kiwandani. Sharubati imetengenezwa kiwandani. Mvinyo umetoka katika mashamba ya mizabibu ya watu wengine. Kazi ya mwandishi ni kufungua chupa tatu na kukata tango. Hakuna hata mmoja kati yetu, pamoja na mwandishi na mwalimu, aliyewahi kuliona ua la elda. Insha ya pili inaanzia mgombani na kuishia kwenye kikombe, na kila hatua imefanywa na mkono wa mtu ambaye mwandishi anamjua. Kama zoezi lilikuwa la maelezo, basi aliyefanya zoezi ni huyu wa Muyinga.

Tupime tena kwa lugha, maana sisi ni wanafunzi wa Kiswahili. Insha ya kwanza ilikwama kwenye kiungo chake cha kwanza, jina lake likatuletea pepo. Ya pili haikukwama popote. Kiswahili kina kuvundika, kukamua, kuchuja, kuchacha, machicha, mtungi, kata, debe. Kina tembo na mgema. Kuna ulanzi wa mianzi kule Iringa, mbege ya ndizi kule Kilimanjaro, wanzuki ya asali, dengelua ya miwa, mnazi wa pwani. Lugha haijazi maneno kiasi hicho kwa jambo lisiloishi ndani yake.

Na hapa nataka niwaulize walimu wetu swali moja. Ni methali gani tunayoifundisha kila mwaka, kuanzia shule ya msingi? Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Methali hiyo imetoka pwani, katika miji ya Waislamu, yenye misikiti na maulidi. Waliotuachia walijua mgema ni nani na tembo ni nini. Hawakuona kwamba kumtaja ni kumbariki. Wanazuoni wa fiqhi pia wamejadili kwa karne nyingi maji ya tende na zabibu yaliyoloweshwa, ni siku ngapi yanabaki halali na ni lini yanageuka kileo. Hawakuweza kuharamisha jambo bila kwanza kulieleza. Nyumbani kwetu umutobe hunywewa, na mama yangu hujua kwa kunusa tu kwamba leo ni wetu na kesho si wetu. Huyo anajua maelezo ya kuchachuka kuliko sisi tuliopewa zoezi. Basi iweje methali iwe fasihi, fiqhi iwe elimu, na nyanya wa Muyinga awe kilabu?

Jibu ninalolisikia ni hili: kokteli ni kinywaji cha watu waungwana, kanyanga ni ulevi wa watu wa chini. Hapa ndipo historia inapotusaidia, kwa sababu jini yenyewe ilikuwa kanyanga.

Jini ni nini? Ni pombe kali iliyochemshwa na kupozwa, kisha ikatiwa harufu ya tunda la mreteni. Uiondolee harufu hiyo, inabaki spiriti kama spiriti nyingine. Waingereza waliipata kutoka kwa Waholanzi, na katika nusu ya kwanza ya karne ya 18 maskini wa London waliitengeneza na kuiuza vyumbani, vibandani na kwenye mikokoteni. Bunge likatunga sheria mwaka 1736: anayetaka kuuza kidogo kidogo alipe leseni ya pauni 50 kwa mwaka, fedha ambayo muuzaji wa kibandani asingeiona maishani mwake. Watu hawakuacha kunywa. Waliuza kwa siri, walilipana kwa kuchongeana, na mwaka 1743 sheria ile ikafutwa. Mwaka 1751 msanii William Hogarth akachora picha mbili, moja ya mtaa wa bia na nyingine ya mtaa wa jini. Katika mtaa wa bia watu wamenenepa na wanacheka. Katika mtaa wa jini yupo mwanamke mlevi ambaye mtoto anamponyoka mikononi. Laana yote ya mji ikawekwa juu ya mapaja ya mwanamke maskini.

Kinywaji kile kile leo kiko katika glasi ya shina refu na kipande cha tango. Bado ni spiriti yenye harufu ya mreteni. Kilichobadilika ni mwenye kukitengeneza: kimetoka mikononi mwa mjane wa kibandani kikaingia mikononi mwa mwenye kiwanda, na sheria ikamfuata mwenye kiwanda.

Sisi Afrika Mashariki tumeirudia njia hiyo kwa mwendo wa haraka zaidi. Uganda walitunga sheria ya enguli mwaka 1965: kuchemsha bila leseni ni kosa, na mwenye leseni awauzie wenye kiwanda. Ndipo ikazaliwa Uganda Waragi, inayouzwa leo kama jini ya fahari ya nchi. Tanzania walitunga sheria ya moshi, yaani gongo, mwaka 1966; gongo ikabaki vichakani, Konyagi ikakaa rafuni. Kenya walipiga marufuku chang'aa mwaka 1980. Mwaka 2010 wakaihalalisha kwa sheria mpya, lakini kwa masharti, mojawapo likiwa kwamba pombe kali iwe katika chupa ya glasi isiyopungua mililita 250. Mama mwenye pipa moja na bomba moja atapata wapi mashine ya kujaza chupa? Nairobi kwenyewe leo kuna jini iitwayo Procera, yenye harufu ya mtarakwa wa milima yetu, inayouzwa kwa wenye nazo huko Ulaya na Marekani. Siwachukii walioitengeneza, wamefanya kazi nzuri. Nauliza tu kwa nini mti wetu, maji yetu na moto wetu vinakuwa sanaa vikiwa na chapa, na vinakuwa jinai vikiwa na debe.

Na hapa kwetu? Kanyanga ni marufuku, na mara kwa mara tunaoneshwa madebe yakimwagwa mbele ya watu. Wakati huohuo Brarudi inatengeneza bia tangu mwaka 1955, ina kiwanda hapa hapa Gitega, na serikali ina hisa ndani yake. Sisemi kwamba kampuni hiyo ina kosa. Inalipa kodi na inaajiri watu. Nasema kwamba serikali yenye hisa katika chupa haiwezi kumwambia mwenye debe kuwa inamkataza kwa ajili ya afya yake tu. Angalau imwambie kweli yote.

Nilipokuwa sekondari, mama mmoja aliyekaa mtaa wa pili na kwetu alichukuliwa usiku. Si Mwislamu, lakini sikukuu zetu zilikuwa zake na misiba yake ilikuwa yetu. Alikuwa akichemsha kanyanga, na mtaa mzima ulijua. Madebe yalimwagwa, bomba likakunjwa, naye akaondoka na kitenge alichokuwa amejifunga. Watoto wake wanne walilala kwetu siku kadhaa. Aliporudi alikuwa amelipa faini kwa fedha ya kukopa, na ili alipe deni alirudia kazi ile ile, safari hii mbali zaidi na usiku zaidi, mahali ambapo hakuna jirani wa kuona anachokitia ndani ya pipa. Hivyo ndivyo marufuku ilivyomlinda mnywaji.

Najua hoja nzito inayokuja, na sitaikwepa: kanyanga inaua. Ni kweli kwamba pombe za siri zimeua. Nairobi mwaka 2000 zaidi ya watu 100 walikufa kwa pombe iliyokuwa na methanoli, na wengine wakapofuka. Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, mwaka 2010 walikufa makumi. Lakini tusome sababu. Ndizi zikichachuka hutoa methanoli, ila kwa kawaida ni kidogo. Vifo vya watu wengi kwa mpigo hutokea pale mtu anapochukua methanoli ya viwandani, ambayo ni rahisi kuipata na haitofautiani na pombe kwa macho, akaichanganya ili apate faida. Chapa haizuii hilo. Mwaka 2012 katika Jamhuri ya Cheki watu makumi kadhaa walikufa kwa kunywa vodka na ramu kutoka katika chupa zenye nembo. Serikali yao ilisimamisha uuzaji wa pombe kali kwa wiki mbili hivi, kisha ikaweka utaratibu mpya wa kuthibitisha kila chupa imetoka wapi. Haikuitangaza vodka kuwa uchafu wa washenzi. Ilipima, ikadai vyeti, ikawashitaki waliochanganya sumu.

Hicho ndicho ninachokitaka. Kipimo cha methanoli hakimshindi binadamu. Leseni ya bei ambayo mama wa mtaani anaweza kuilipa haimshindi binadamu. Ushirika wa watengenezaji wa kilima kimoja, wenye mtambo mmoja unaokaguliwa mchana kweupe, si ndoto. Kinachokosekana ni kuamini kwamba mwanamke yule ni mtengenezaji, kama mwenye kiwanda alivyo mtengenezaji.

Wapo watakaosema: wewe Mwislamu, vipi unawatetea wachemsha pombe? Nawajibu kwamba dini yangu imenifundisha usawa katika jambo hili hili. Haitofautishi glasi ya shina refu na kibuyu. Kinacholevya ni haramu kwa tajiri na kwa maskini, chenye barafu na kisicho na barafu. Sijaona kilevi kinachokuwa halali kwa kubandikwa karatasi. Anayetaka kuniambia kwamba pombe ni balaa, inavunja ndoa, inaharibu ini na inamaliza mshahara kabla haujafika nyumbani, nitakaa naye mkeka mmoja. Lakini aanze na chupa zote. Akianza na debe na kuishia kwenye debe, hapigani na ulevi. Anapigana na watu.

Nirudi kwenye ua la elda, maana nililisoma zaidi baada ya siku ile na likanishangaza. Mti huo huota vichakani na kando ya mashamba huko Uingereza. Wanawake wa vijijini huchuma maua yake mwanzoni mwa kiangazi, huyaloweka katika maji, sukari na limau, na kuyaacha. Chachu iliyomo kwenye maua yenyewe huanza kazi; baada ya siku chache maji yanatoa mapovu, na usipokuwa mwangalifu chupa hupasuka usiku. Wenyewe walizoea kukiita shampeni ya maua ya elda. Mwaka 1993 kesi ilifika Mahakama ya Rufaa ya Uingereza: kampuni ya Ufaransa, Taittinger, ilitaka mtengenezaji mmoja wa Kiingereza azuiwe kulitumia jina hilo kwenye kinywaji chake cha maua ya elda, ambacho hata kileo hakikuwa nacho. Wafaransa walishinda. Walilinda neno moja kama mtu anavyolinda shamba la baba yake.

Kwa hiyo nyuma ya ile glasi ya shina refu iliyosifiwa darasani, yupo nyanya. Yupo bibi wa kijijini mwenye ndoo, sukari na kitambaa cha kuchujia, anayesubiri chachu kama anavyosubiri nyanya wa Muyinga. Tofauti yao ni kwamba yule wa kwanza ameandikwa, na huyu wa pili alipoandikwa na mjukuu wake aliambiwa anyamaze. Wafaransa wanakwenda mahakamani kwa ajili ya neno shampeni. Sisi neno urwarwa tunalionea haya katika insha ya kurasa mbili.

Mtu asinielewe vibaya kuhusu yule mwenzetu wa kokteli. Sina ugomvi na kupenda vya mbali. Kama angeuliza tu, “hapa kwetu ua gani lingefaa?” angekuta rozela nyekundu, angekuta tangawizi, limau, marakuja, na mapovu ya bure ambayo chachu huyatoa bila kuomba ruhusa ya mtu. Angeandika kinywaji ambacho hata mimi ningekinywa, kabla ya siku zake kupita. Hakuuliza, kwa sababu alijua alama ziko wapi. Mgema alisifiwa kwa tembo la jirani, na sisi sote tukajifunza kutia maji letu.

Naomba mambo matatu. Walimu wetu, insha ya maelezo ipimwe kwa ujuzi wa anayeeleza, isipimwe kwa bei ya kinacholezwa. Wanafunzi wenzangu, tuandike kazi za mikono za wazee wetu sasa, kwa maneno yao, zile tunazozipenda na zile tunazozikataa, kwa kuwa wanaozijua wanaondoka. Na sisi sote ambao kesho tutakuwa makarani, mahakimu, walimu na wakuu wa tarafa, tutakapoletewa karatasi ya kutia sahihi ili debe la mtu limwagwe, tuulize kwanza ni nini kimepimwa ndani yake, na ni nani anayeuza kitu hicho hicho dukani mchana.

Mwenzetu wa Muyinga aliirarua insha yake jioni ile. Nilimwomba aniandikie upya, akakataa. Akasema hana haja ya kukemewa mara mbili. Hatua nilizozieleza hapo juu nimezikumbuka kutokana na kumsikia akisoma. Kama nimekosea siku za kuvundika au kiasi cha mtama, aliye na nyanya anisahihishe.